Mwaija Alipoambiwa Akohoe

Mama mkubwa Mwaija alizaa watoto saba, na kila mmoja aliondoka na chake. Wa kwanza alimtoa meno, wa katikati walimmaliza damu, na wa mwisho, Amne, aliyekwama njiani usiku kucha na mchana wake wote, aliondoka na kile kinachomwezesha mtu mzima kuzuia mkojo. Tangu hapo akikohoa, unamtoka. Akiinua debe la maji, unamtoka. Akicheka, unamtoka, kwa hiyo akaacha kucheka. Watu wa kwetu hawana neno la heshima kwa jambo hilo. Wana neno kikojozi, nalo ni la kumzomea mtoto.

Alikuwa dada wa mama yangu, mkubwa kwa mdogo, tumbo moja. Mama yangu ni Zuena. Mwaija alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na ulimi wake ulikuwa mkali kama wembe. Katika upande wetu wa Handeni hapakuwa na mwali aliyetolewa nje bila yeye kuulizwa, maana yeye ndiye aliyekuwa kungwi. Aliwafunza wasichana kukaa, kuoga, kunyamaza, na zaidi ya yote kujibana. Mwanamke aliyefundwa, alisema, hakohoi ovyo mbele ya wakwe, haja ikimshika safarini haionekani usoni, na kilicho ndani yake hakitoki mpaka yeye atake. Aliyeshindwa somo hilo alikula fimbo. Mimi nilipita mikononi mwake, na fimbo yake naijua.

Kwa muda mrefu aibu yake haikujulikana na mtu ila mumewe Rehani. Waliishi peke yao katikati ya shamba lao la mahindi, jirani wa karibu ukimtaka ni kumpigia ukelele. Akilowa, anazunguka nyuma ya nyumba, anabadilisha kanga, anafua kwa maji ya kisima chake, anaanika upande usiopita watu. Rehani alinung'unika kitandani, lakini manung'uniko ya kitandani hayaendi mbali kama hayana ukuta wa jirani wa kupenya.

Kisha ikaja amri ya vijiji. Ilikuwa mwaka wa sabini na nne, mwaka wa njaa, mwaka wa unga wa yanga, ule wa njano wa msaada. Tuliambiwa tuhamie kando ya barabara, tukahamia, wengine kwa hiari na wengine baada ya kuona mgambo wanaezua mapaa. Nyumba zikasimama kwa mistari kama askari, kila familia nyumba moja na kiwanja kimoja, mlango kwa mlango. Bomba tuliloahidiwa halikufika. Maji yakawa mbali, debe moja likagombaniwa na watu wazima, na mwanamke aliyehitaji kufua kila siku hakuwa na pa kuyapata wala pa kuanika.

Lililomuumbua hasa ni shamba la kijiji. Wanawake waliinama mstari mmoja, jembe juu, jembe chini, na ardhi ya kwetu wakati wa kiangazi ni ngumu kama sakafu. Kila jembe lilipogonga chini, Mwaija alitokwa na tone. Kufika saa nne kanga yake ilikuwa imemganda mapajani, na nyuma yake walikuwa wasichana wale wale aliowafunza kujibana, sasa wake za watu, majembe mkononi. Walitazamana. Mmoja alicheka puani, na baada ya hapo hakuna aliyejizuia. Katika wiki hiyo hiyo walitunga wimbo wa kulimia, kibwagizo chake kungwi anavuja, wakauimba kwa kufuata pigo la jembe ili kazi iende. Mwaija alilima pamoja nao, na jembe lake lilifuata pigo hilo hilo, maana angefanya nini.

Mama mkwe wake, Bi Mashavu, aliacha kula chakula kilichopikwa na mkono wake. Alisema mlangoni, kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu, kwamba mwanawe anaswali na najisi nguoni kwa sababu ya mwanamke mzembe asiyejua kujisafisha. Kumbe bibi huyo alikuwa amekwisha kumtafutia Rehani binti mwingine. Dini inaruhusu wawili, lakini kijiji kilitoa nyumba moja, na baba wa binti alikataa katakata mwanawe kulala ukuta mmoja na kibuyu kinachovuja. Ndipo ikaamuliwa Mwaija aondoke. Rehani hakuwa mtu mbaya sana. Alikuwa mtu mwepesi, anayekwenda anakosukumwa, na kwa mwanamke mwenye shida mume wa namna hiyo ni mbaya kuliko mbaya.

Lakini sheria mpya ya ndoa ilikuwa imekwisha toka, na mtu hakuweza kumfukuza mkewe bila kupita kwenye baraza la usuluhishi. Mwenyekiti wetu, Mwinjuma, alikuwa kijana aliyetoka kozi ya uongozi, na alipenda haki ionekane. Aliwasikiliza wote, halafu akauliza swali moja: hali hii ya mama huyu ni ugonjwa au ni uchafu? Ikiwa ni ugonjwa, Rehani atamtibu, na nyumba ile ni yake kama ilivyo ya mumewe. Ikiwa si ugonjwa, baraza halitamzuia Rehani, Mwaija ataondoka na vyombo vyake, na Amne, ambaye hata meno hayajaanza kung'oka, atabaki kwa baba yake. Akaamua Mwaija apelekwe hospitali, daktari aseme.

Ng'ambo ya Korogwe, kwenye kilima, palikuwa na hospitali ya misheni, na hapo alikuwa amekuja daktari mmoja, Ernesti, aliyerudi kutoka masomoni Ulaya. Ilisemekana anawashona wanawake wanaovuja, wakapona. Rehani alisema hawezi kuongozana naye njiani. Akatumwa mdogo wake, Athuman, aende kama shahidi na kurudi na jibu.

Hapo ndipo mama mkubwa alipofanya kosa lake, na ninaliita kosa kwa sababu matokeo yake ndivyo yalivyoliita. Tangu mchana wa kuamkia safari hakutia tone la maji mdomoni, akiogopa kulowa mbele ya wageni kwenye lori la mkonge. Alijifunga mkaja tumboni, kama mwanamke aliyetoka kuzaa jana, akaukaza mpaka akapumua kwa shida. Walilala Korogwe kwa rafiki wa Athuman, asubuhi wakapanda kilima kwa miguu. Alifika midomo imempasuka.

Benchi lilikuwa limejaa wanawake. Nesi Lea, Msambaa, mtu wa haraka, aligawa maji kwa jagi na kuwaambia wanywe, wasiende chooni mpaka waitwe. Mengine aliyoyasema aliyasema akitembea, huku akiita majina. Mwaija alilishika neno moja tu: kipimo. Alikunywa funda moja kwa heshima, akamwaga yaliyobaki kwenye maua. Kisha akaenda chooni, akajisaidia, akatawaza vizuri, akarudi kukaa. Mtu mzima, tena kungwi, ataingiaje kwa daktari wa kiume akiwa na mkojo tumboni? Baadaye watu walisema alikuwa mjinga. Hakuwa mjinga. Alifanya lile alilolifundisha miaka yote, na alilifanya kwa ukamilifu.

Daktari Ernesti alimwamkia shikamoo, maana alikuwa mdogo kwake. Athuman aliambiwa akae nyuma ya pazia. Pazia lilikuwa fupi, na Mwaija aliweza kuviona viatu vya shemeji yake chini. Kipimo chenyewe kilikuwa na sehemu mbili. Kwanza mama anasimama amepanua miguu juu ya shuka jeupe, anakohoa, daktari anatazama kama shuka limelowa. Kisha analala, na kijiti chembamba chenye pamba nchani, kilichochemshwa na kupakwa mafuta, kinaingizwa kidogo kwenye njia ya mkojo. Kama nyama zinazoishika njia hiyo zimelegea, mama akikohoa au akisukuma, njia inashuka, na ile ncha ya kijiti iliyobaki nje inainuka kama mpini wa upawa sufuria likichemka. Kama nyama ni nzima, kijiti kinatulia. Ambaye kijiti chake kinainuka analazwa na kushonwa, njia inyanyuliwe irudi mahali pake. Ambaye hakiinuki anarudi nyumbani, maana kisu hakitamsaidia.

Kwa lugha nyingine, ilimpasa Mwaija alowe. Kulowa ndiko kungempa nyumba, na kungempa Amne. Hayo hakuna aliyemweleza. Yeye alijua kipimo kama shule: kuna kufaulu na kuna kushindwa, na aliyelowa ameshindwa.

Alisimama juu ya shuka. Daktari akamwambia akohoe. Alikohoa kama mtu anavyokohoa mlangoni kwa wakwe, mkono mdomoni. Daktari akamwambia akohoe kwa nguvu. Akakusanya nguvu zake zote, akazipeleka chini, akajifunga, ndipo akakohoa. Shuka likabaki kavu.

Akalazwa. Kijiti kikaingia. Alimsimulia mama yangu kwamba kilimchoma kama upupu, na kwamba aliangalia viatu vya Athuman muda wote. Daktari akamwambia akohoe, kisha asukume kama anayezaa. Kusukuma kama anayezaa, mbele ya mwanamume asiyemjua, shemeji yake akiwa hatua moja. Alijibana mpaka machozi yakamtiririkia masikioni. Kijiti kilicheza kidogo, kikatulia. Daktari alirudia tena, akakunja uso.

"Mama," akamwambia, "unajizuia?"

Mwaija aliona amegunduliwa anaiba mtihani.

"Hapana, baba," akasema. "Sijizuii hata kidogo."

Daktari alimwamini. Benchi lilikuwa limejaa, na mtu mzima akikuambia jambo la mwili wake unamwamini. Akaosha mikono, akamwambia nesi kwamba huyu hana ulegevu wowote, kisha akamgeukia Mwaija na kumwambia yeye ni mzima, aende nyumbani kwa amani. Athuman aliyasikia yote kutoka nyuma ya pazia.

Mwaija alitoka chumbani akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu tuhamie barabarani. Alimwambia Athuman ameshinda. Athuman aliinama kufunga kamba za viatu, na sijui hadi leo kama ni kwa kutojua au kwa kujua. Mwaija akamfuata nesi Lea kumshukuru, akamshika mikono yote miwili, akamwambia kwamba amefaulu kipimo na sasa nyumba yake ameipata.

Nesi Lea alimtazama kama anayemtazama mtu aliyepotea stendi.

"Mama, ungelowa ndiyo ungelazwa," akasema. "Sasa umefaulu nini?"

Sijui ni kicheko au ni kilio kilichomtoka mama mkubwa, mwenyewe hakujua. Kilimtikisa, mkaja ukalegea, na ule mkojo mdogo uliokuwamo ukatoka wote, ukapita kwenye miguu hadi kwenye sementi iliyopigwa deki asubuhi. Lea aliuona. Kama kuna haki duniani, angekimbia kumwita daktari. Lakini daktari alikuwa amekwisha ingia chumba cha upasuaji, kesho yake alikuwa na safari ya Vugiri, na Lea alikuwa ameshachoka kabla hata ya adhuhuri. Alimwambia Mwaija arudi kliniki ijayo. Kisha akamtupia tambara na kumwambia apige deki kwanza, wenzake wasiteleze. Mwaija alipiga magoti na kupiga deki, mbele ya benchi zima.

Aliomba abaki Korogwe asubiri. Athuman akamjibu kwamba yeye alitumwa kumpeleka na kumrudisha, akitaka abaki peke yake, na nyumbani atasema shemeji amekimbia. Mwaija akafikiri juu ya Amne, akapanda lori.

Baraza likakaa uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji, wanaume kwenye mabenchi, wanawake chini upande mmoja. Nilikuwepo, nimeolewa mwaka huo. Athuman akatoa ushahidi, na ubaya wa ushahidi wake ni kwamba haukuwa na uongo hata chembe. Alisema daktari amempima mara mbili, amemuuliza kama anajizuia, mwenyewe amekana, na daktari amesema ni mzima. Bi Mashavu akaitikia kwa kuguna. Rehani alikuwa akichora chini na kidole cha mguu.

Mwinjuma akamwuliza Mwaija ana la kusema. Mama mkubwa akasimama. Siku hiyo alikuwa amekunywa maji tangu asubuhi, maji ya kuomba nyumba hadi nyumba, na hakwenda chooni. Aliwaeleza kipimo kilivyo, bila kuficha: shuka, kijiti, kusukuma. Wanaume wakatazama pembeni. Kisha akapanua miguu pale pale uwanjani, mikono kiunoni, mdomo wazi, akakohoa kwa nguvu zake zote, jinsi alivyoagizwa na daktari. Mkojo ukamtoka kama wa ng'ombe. Vumbi likageuka tope kwenye nyayo zake.

"Hicho ndicho kipimo," akasema. "Sasa nimeshindwa. Andikeni kwamba ni ugonjwa."

Mwalimu wa chuo cha Kurani alivuta mkeka wake nyuma. Mzee mmoja akasema hayo ni matusi, katika maisha yake hajaona mwanamke wa kukojoa mbele ya baraza, na kama kulikuwa na shaka kwamba ni uchafu, sasa shaka imekwisha. Wengine wakamuunga mkono. Bi Mashavu alikuwa amefunika pua kwa upindo wa kanga, na juu ya upindo macho yake yalikuwa yanacheka.

Mwinjuma hakucheka. Nasema haya kwa sababu ni haki yake. Alinyanyua mkono watu wanyamaze, akawageukia wanawake waliokaa chini.

"Kina mama, mimi ni mwanamume, sijui haya," akasema. "Kama ni ugonjwa, hautamshika mmoja. Mwenye hali hii asimame. Akisimama mmoja tu, Rehani nitamlazimisha arudi naye hospitali."

Sasa nikuambie kitu kuhusu kungwi. Mwanamke akiharibikiwa baada ya kuzaa, hamwendei mumewe, hamwendei mama mkwe. Anamwendea kungwi wake, jioni, kwa mlango wa nyuma. Mwaija aliwajua wote. Aliwachimbia mizizi, akawakatia matambara, akawafundisha kuyakunja. Yule aliyeanzisha kibwagizo shambani alikuwa mmoja wao. Walikaa pale mbele yake, miguu imebanwa, wakitazama mapaja yao.

Aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwa na haja ya kunyoosha hata kidole, jina moja lingetosha, na nyumba ingekuwa yake. Nilimwona anavuta pumzi. Nilidhani atasema, na kwa kweli nilitaka aseme, awavue nguo wote uwanjani kama walivyomvua yeye. Hakusema. Siri za wanawake aliapishwa akiwa msichana, na alizitunza kwa watu waliomtungia wimbo. Alisubiri kwa muda mrefu, kisha akakaa chini, pale pale palipolowa.

Mwinjuma aliuliza mara ya pili. Hakuna aliyesimama. Basi, akasema, baraza halina la kumzuia Rehani. Rehani akasimama na kutoa talaka, macho chini, kwa sauti ndogo hata ikabidi aambiwe arudie.

Mama mkubwa aliondoka kabla ya alasiri, sufuria mbili na mkeka kichwani. Amne alimkimbilia mpaka barabarani, Bi Mashavu akamrudisha kwa mkono mmoja, amebebwa juu juu, akipiga mateke. Mwaija hakugeuka, maana alijua akilia atalowa, na wanawake walikuwa wamesimama milangoni. Alikwenda Makuyuni kwa mwanawe mkubwa, akapewa banda la nyuma karibu na mbuzi, akaishi humo mpaka kifo chake. Hospitali hakurudi. Aliulizwa mara nyingi, akasema amekwisha pimwa.

Nami nimebaki na lile baraza. Lilipovunjika, wanawake waliinuka haraka, kila mtu anajipangusa. Mama yangu Zuena alikuwa amekaa mstari wa mbele, karibu na dada yake kuliko wote, na wakati wote mwenyekiti akiuliza alikuwa ameshikilia kanga yangu kwa nyuma, akinivuta nisije nikainuka kusema neno. Alisimama wa mwisho. Akajifunga kanga ya pili kiunoni upesi upesi, akatazama kushoto na kulia, kisha kwa unyayo akasukumia vumbi kavu mahali alipokuwa amekaa.